Muhuri Uliosimama Wima

Okaya, 7 Juni 1981

Shangazi Tokiko,

Najua barua huanza na salamu, lakini nikianza na salamu nitamaliza na salamu, nitafunga bahasha, na jambo lenyewe litanibakia tumboni. Kwa hiyo nalisema kwanza. Muhuri ulio kwenye karatasi ya kuidhinisha swichi ya kompyuta, ambao kiwanda kizima kinaamini ni wa mkuu wa kitengo chetu, ni wangu. Niliugonga mimi. Hakuna mtu mwingine anayejua, hata Mama.

Sasa salamu. Sisi hatujambo. Mvua za Juni zimeanza, na Bibi anasema goti lake lilijua siku tatu kabla ya redio. Baba ameacha sigara tena. Mama anasubiri matunda ya mti wa ume, zile plamu chachu, apate kuyatia chumvi, na mapipa mawili yameshakaa ukumbini, tunayaruka. Mimi kazi nimeanza kuizoea. Chumba cha chakula bado, ila nimepata kiti kilicho nyuma ya nguzo.

Nadhani sijawahi kukueleza kazi yenyewe. Kiwanda cha Yatsumine unakijua kwa saa za mkononi, lakini tangu mwaka jana kitengo chetu kinatengeneza kompyuta ya kubeba. Kompyuta ya uhasibu iliyoko ghorofa ya tatu ina chumba chake na kipoza hewa chake, kitu ambacho sisi hatuna. Hii yetu, urefu na upana ni wa karatasi ya kuandikia barua, na unene ni wa sanduku la chakula cha mchana. Ina vitufe vyote vya kuandikia. Ina kioo kidogo chenye mistari minne, kila mstari herufi ishirini. Ina printa inayochapa kwenye utepe wa karatasi kama ule wa risiti za dukani, na ina kaseti ndogo ya kuhifadhia ulichoandika. Haichomekwi ukutani. Wahandisi wetu wamezoea saa zinazokwenda mwaka mzima kwa betri ndogo kama kifungo cha shati, kwa hiyo umeme wanautoa kwa ubahili. Wanasema ukiichaji inafanya kazi saa hamsini.

Kazi yangu ni kuibeba. Kila asubuhi naiandikisha, naitia kwenye mkoba wangu, kisha napanda nayo treni, ngazi, baiskeli, naenda nayo sokoni. Kila saa naifungua, naandika mistari ileile mitatu, najaza daftari. Nilimwuliza Dada Nobuko, ambaye ndiye mwandamizi wangu, kwa nini nimechaguliwa mimi.

"Wahandisi wanaibeba kama mtoto mchanga," alisema. "Tunataka mtu wa kuibeba kama mkoba."

Tatizo ni kwamba betri ilikuwa inakufa baada ya saa tisa. Mhandisi mmoja aliniuliza kama ninaichezea. Nilisema hapana, ila nadhani sauti haikutoka. Ilinichukua wiki mbili kugundua kwamba swichi ya kuwashia imechomoza ubavuni, na sanduku langu la chakula linaisukuma humohumo mkobani. Inajiwasha gizani na kukesha bila kazi.

Kila mfanyakazi hutakiwa kuandika mapendekezo mawili kwa mwezi. La kwanza niliandika kwamba mlango wa choo cha wanawake unalia. La pili niliandika kwamba swichi iingizwe kwenye kishimo, isichomoze. Dada Nobuko alilipenda, akaligeuza kuwa karatasi ya kuzunguka ili ikusanye mihuri ya wakubwa. Lakini Mkuu wetu alishasema tangu Aprili kwamba swichi itabaki nje, kwa sababu watu wa mikoa ya baridi huvaa glavu miezi mitano. Wote tulijua karatasi itakaa kwenye droo yake mpaka kalibu za kumiminia plastiki ya mashine zitakapochongwa.

Karatasi ilifika mezani kwangu tarehe 26 Mei, niipeleke mbele. Siku ya kwanza kazini niliambiwa kila kinachopita mezani kwangu nikigonge muhuri wa jina langu. Kulikuwa na kisanduku kitupu, na chini yake kwa penseli: Momose. Mimi ni Momose. Nikagonga. Kama unavyojua, nusu ya bonde hili ni akina Momose, na Mkuu naye ni Momose, na muhuri wake wa kazini ni wa plastiki kutoka duka lilelile la karatasi nilikonunua wangu. Alikuwa Tokyo siku nne. Karatasi ilipanda juu bila yeye.

Na kuna jambo jingine. Sikujua kwamba muhuri wa mdogo huinamishwa kidogo upande wa kushoto, kana kwamba unamwinamia mkubwa anayefuata. Shuleni hatukufundishwa. Wangu niliuweka wima. Nilitumia rula.

Dada Nobuko alikuwa anapeleka chai juu. Anasema Mkurugenzi Karasawa aliitazama karatasi kwa muda. "Miaka ishirini na mbili muhuri wa Momose umelala kama abiria aliyesinzia," alisema. "Leo umesimama. Anajua kitu." Akagonga wake. Waliofuata waligonga bila kusoma.

Kalibu zinachongwa upya. Mkuu aliporudi aliletewa nakala. Aliisoma, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akaenda kunywa chai. Hajasema neno hadi leo. Sijui anajua, au anadhani aliugonga mwenyewe akasahau.

Tafadhali usimwambie mtu.

Fumie


Hakodate, 2 Julai 1981

Fumie mwanangu,

Barua yako nimeichelewesha, nisamehe. Nina wanafunzi sita wa ushonaji na watano kati yao wanaolewa mwezi wa Oktoba, na hakuna hata mmoja anayejua kupinda ukosi. Ukungu umekaa wiki nzima. Ngisi wamekuja mapema. Mwambie Bibi akande goti kwa maji ya moto asiliulize habari za hewa. Mwambie baba yako nampongeza kwa kuacha sigara, kama nilivyompongeza mwaka jana na mwaka juzi.

Kwanza, sielewi mashine yenyewe. Mimi nikitaka kuandika nikiwa safarini nina penseli, na betri yake haijafa hata siku moja.

Pili, nenda kamwambie. Usimwandikie, nenda kwa miguu yako. Mtu huyo anayekunja karatasi mara nne hatakuja kukuuliza. Atangoja mpaka na wewe uwe na goti kama la Bibi. Ni mtu wa kungoja tangu zamani.

Siri yako iko kwangu. Nani wa kumwambia, ngisi?

Shangazi yako


Okaya, 9 Julai 1981

Shangazi,

Asante kwa barua. Sote wazima. Baba alivuta moja siku ya Jumapili, anasema ilikuwa ya kuaga. Mama amekutumia chupa ya boga lililotiwa miso, rojo la soya. Litafika kwa posta, usilifungue kichwa chini.

Kuhusu penseli nimelifikiria sana. Penseli haiwezi kuhesabu, wala kutuma ilichoandika kwa simu. Mashine yetu ikiunganishwa na mkono wa simu inaweza kupeleka ukurasa mpaka mji mwingine. Mwandishi wa habari anaweza kukaa mlimani, akaandika, gazeti likapokea. Lakini ni lazima akifika mlimani iwe bado hai. Hilo ndilo linaloniumiza, kwa sababu naamini swichi inapaswa kuwa ndani. Naamini kweli. Ila sikutakiwa mimi kuamua.

Nimekwenda kumwambia mara tatu. Mara ya kwanza alinikaribisha biskuti. Mara ya pili nilijikuta naomba stepla. Mara ya tatu niliomba stepla tena, akanipa. Sasa nina stepla mbili na sina nilichosema.

Mambo yamekuwa mabaya. Kwa sababu ya kalibu mpya, mashine haitaonyeshwa kwa wanunuzi mwezi huu kama ilivyopangwa. Itangoja maonyesho ya Tokyo mwezi wa Oktoba, na kuna kampuni nyingine zinakimbilia hapohapo. Mkurugenzi amesema mbele ya watu kwamba swichi hii ni ya Momose, na ikishindwa Tokyo, Momose atakwenda ghala la Matsumoto kupanga makopo ya skrubu mpaka atakapostaafu. Mkuu alikuwepo. Aliinamisha kichwa akasema, "Sawa." Mke wake alifariki miaka miwili iliyopita na kila siku anapeleka mama yake mzee kwenye bafu la umma karibu na kiwanda. Akihamishiwa Matsumoto sijui mama atapelekwa na nani.

Shangazi, sikujua kwamba mnajuana. Umejuaje kwamba ni mtu wa kungoja tangu zamani? Nilimwuliza Bibi. Aliinuka akaenda kuangalia mapipa.

Fumie


Hakodate, 30 Agosti 1981

Fumie,

Samahani, sikuja kwa sikukuu ya kuwapokea wahenga mwezi huu. Treni zilijaa. Natumaini fataki za ziwani zilikuwa nzuri na kwamba hukwenda huko na ile mashine, ingawa nadhani ulikwenda nayo. Boga limefika, lilikuwa kichwa chini, halikudhurika. Mwanafunzi mmoja amevunja uchumba, kwa hiyo sasa nina kimono kisicho na mtu.

Kuhusu lile ulilouliza: mwaka huu ngisi ni wengi kuliko miaka yote ninayokumbuka.

Barua hii nimeiacha mezani siku nne. Naendelea.

Mwaka nilipokuwa na miaka ishirini na mbili, mshenga alizikutanisha familia mbili za Momose. Watu walicheka kwamba sitahitaji hata kununua muhuri mpya. Huyo Mkuu wako, wakati huo kijana, alikuja nyumbani mara tatu. Mtu mzuri, hana kelele, alikula kila alichopewa. Kisha tukangoja jibu. Tulingoja kuanzia maua ya ume mpaka theluji. Hakukataa. Alikuwa anafikiri. Mimi nami sikwenda kumwuliza, kwa sababu msichana haulizi. Nilipanda treni ya kaskazini na nikamwachia afikiri.

Ndiyo hayo. Usiniulize tena.

Sasa nisikilize. Yeye amekaa kimya, wewe umekaa kimya, na mnaheshimiana sana mpaka mmoja wenu atakwenda kupanga skrubu. Akihamishwa kwa muhuri wako, wewe utarudi kula chakula nyuma ya nguzo? Kitashuka? Nenda kesho. Stepla umeshapata.

Shangazi yako


Okaya, 13 Septemba 1981

Shangazi,

Kumepoa. Bibi ametandika blanketi la pili. Baba ni wiki ya sita bila sigara na sote tunatembea kwa tahadhari. Mimi sijambo.

Nimemwambia.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Nilimkuta chumba cha majaribio peke yake, amevaa glavu za sufi. Joto lilikuwa nyuzi ishirini na tano. Mbele yake kulikuwa na mashine yenye umbo jipya, swichi iko ndani ya kishimo, na alikuwa anajaribu kuiwasha kwa kidole chenye glavu.

"Mkuu," nilisema, "muhuri wa mwezi wa Mei ni wangu."

Akajaribu tena kuiwasha. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipouona. Mimi sijawahi kugonga muhuri wima maishani mwangu."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, lakini yote yalikuwa ya mtu asiyejua. Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Mkurugenzi aliniuliza mbele ya watu saba: huu ni wako? Nikasema wangu."

"Lakini wewe ulikuwa hutaki swichi iingie ndani."

Akavua glavu moja, akaiweka juu ya meza, akainyoosha vidole kimoja kimoja. "Nilisoma daftari lako kabla sijaenda Tokyo. Lote. Kila betri ilipokufa umeandika saa na mahali. Kisha umeandika 'samahani'. Samahani kumi na moja. Nilikuwa bado nafikiri nikiwa kwenye treni."

Nikasema nitakwenda kwa Mkurugenzi siku hiyohiyo, nieleze kosa ni langu.

"Fumie," alisema, na hajawahi kuniita kwa jina langu, nadhani kwa sababu akisema Momose anajiita mwenyewe, "ukieleza, mimi nitakuwa mtu aliyesema uongo mbele ya watu saba. Ukinyamaza, labda nitakuwa mtu aliyekosea swichi. La pili linavumilika. Nasikia ghala la Matsumoto lina dirisha."

"Na mama yako?"

 Aliivaa tena ile glavu. "Haiwaki," alisema. "Nimejaribu glavu aina tatu."

Tuliitazama mashine wote wawili. Nikasema, na safari hii sauti ilitoka, kwamba kishimo kibaki kama kilivyo, ila kijiti cha swichi kirefushwe milimita mbili. Kitabaki chini ya ukingo, sanduku la chakula halitakifikia, lakini glavu itakifikia. Kijiti hakihitaji kalibu kubwa. Alichukua rula, akapima, akapima tena. Nilidhani ataanza kufikiri. Akaandika karatasi palepale, akatoa muhuri wake.

Kisha akaniuliza nilitumia rula gani.

Maonyesho ni mwezi ujao. Wauzaji watazunguka Tokyo siku tatu na mashine mbili mikobani kabla ya kuzifungua mbele ya wanunuzi. Hakuna kuzichaji katikati. Kama moja itakuwa imekufa, basi.

Fumie


Hakodate, 20 Septemba 1981

Fumie,

Huku salama.

Mkurugenzi alipomwuliza, alichukua muda gani kujibu? Nijibu hilo tu.

Shangazi yako


Okaya, 1 Novemba 1981

Shangazi,

Samahani kwa kuchelewa, nilitaka nikuandikie nikiwa na la kuandika. Kwetu ni wazima. Mama na Bibi wananunua majani ya nozawana ya kachumbari ya majira ya baridi na wameshagombana kuhusu chumvi. Baba amevuta. Sote tumepumua.

Ulichouliza nilimwuliza Dada Nobuko, kwa sababu alikuwa anamimina chai siku ile.  "Swali liliulizwa nikijaza kikombe cha kwanza," alisema. "Cha pili sikuwa nimekigusa. Alishajibu."

Mashine zilizungushwa Tokyo siku tatu. Mmoja wa wauzaji alikuwa na mwavuli, viatu vya akiba na sanduku la chakula juu ya mashine mkobani. Zote mbili ziliwaka. Mtu wa gazeti kutoka Sapporo alivaa glavu zake makusudi ili awaaibishe, akaiwasha, akaandika mistari minne akiwa amesimama, ikachapa utepe, akautia mfukoni akaondoka nao. Jirani yetu kwenye maonyesho alikuwa na kompyuta ya kubeba ya kilo kumi na moja. Wauzaji wanasema aliibeba kutoka kwenye gari mpaka mezani na hakuibeba tena. Maombi ya kununua yameanza kuingia. Mkuu haendi Matsumoto.

Nilidhani yameishia hapo. Lakini Mkurugenzi alifurahi, na furaha yake huwa ni amri. Alimtaka Mkuu asimame kwenye mkutano wa asubuhi, mbele ya watu mia tatu, aeleze kwa nini mwezi wa Mei alikuwa na uhakika.

Mkuu alikuja mezani kwangu siku mbili kabla. Alisimama kama mtu anayetaka stepla.

"Fumie," alisema polepole, "kwa nini nilikuwa na uhakika?"

Nikamwandikia. Niliandika kwa mashine yenyewe, herufi ishirini kwa mstari, mistari minne, kisha mingine minne. Mashine yetu haijui herufi za Kichina, ni za silabi tu, kwa hiyo hotuba ilisomeka kama telegramu. Sikujua kuandika kama mkuu wa kitengo, nikaandika ilivyokuwa. Nilipochapa, utepe ulifika magotini.

Aliusoma wote, bila kuongeza wala kupunguza. Alisema: "Tarehe 7 Mei. Ngazi za stesheni. Mvua. Nimefungua mkoba. Betri imekufa. Nikadhani kosa ni langu. Nikaomba radhi. Siku ya pili pia. Siku ya kumi na moja nikatazama sanduku la chakula. Kosa halikuwa langu. Nilikuwa sahihi nikaogopa kusema."

Watu mia tatu, Shangazi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mkuu wa kitengo wa miaka arobaini na tisa alikuwa anafanya nini na chakula chake kwenye ngazi za stesheni.  Maneno hayo sijawahi kumwambia mtu kwa mdomo, na sasa yalikuwa yanatoka kwenye kipaza sauti, yanagonga ukuta wa nyuma na kurudi. Aliposoma "halikuwa langu" alinyanyua macho kutoka kwenye utepe. Hakunitazama. Alitazama nguzo iliyokuwa karibu yangu, kwa heshima.

Wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Ningekuwa mwongo nikisema sikutaka kidogo yawe yangu. Lakini ningesimama mimi pale, sauti isingetoka, watu wangesikia viatu vyangu tu. Nilitaka jambo lisikike, na limesikika. Nalipima kila siku na bado sijui kama linatosha. Nadhani linakaribia.

Dada Nobuko hakupiga makofi. Mchana alikuja na sahani yake nyuma ya nguzo, akakaa, akatazama mayai kwenye sanduku langu. "Mkuu naye anapenda kula stesheni," alisema. Akanimiminia chai. Hajarudia tena neno hilo.

Mkuu ameniuliza kama una afya. Nilisema una wanafunzi sita na ngisi ni wengi. Akasema vizuri. Kisha akasema kwamba mwezi wa Machi ana likizo ya siku nne na hajawahi kufika kaskazini. Sikujibu, kwa kuwa si mimi niliyeulizwa. Nakufikishia tu.

Mwezi wa Juni nilikuomba unifichie kwa sababu niliogopa kufukuzwa. Sasa naomba kwa sababu nyingine. Karatasi ile iko kwenye kabati la Mkurugenzi, muhuri umesimama, na mtu mmoja amesema mbele ya watu saba na mbele ya watu mia tatu kwamba ni wake. Kwa hiyo ni wake. Usimwambie Baba. Usimwambie Bibi, ingawa nadhani mapipa yanajua. Na huyo mtu akija kugonga mlango wako mwezi wa Machi, mkaribishe, mpe ngisi, mzungumze mnayotaka kuzungumza, ila swichi iwe ni yake, na wewe hujasikia lolote kutoka kwangu.

Fumie